SOMO LA JIKONI: MCHICHA KATIKA CHAKULA CHA KILA SIKU CHA WAHINDI

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za kuchuma, kuanika na daraja za karafuu. Leo nataka tuingie jikoni. Sababu ni hii: mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno nyumba nyingi hula samaki wa kutosha, na mwaka wa uhaba hula wali na mchuzi mwepesi tu. Wa kwanza kudhoofika ni mama mjamzito na mtoto aliyeachishwa ziwa. Na wakati huo huo mchicha umejaa uani, nasi twauita mboga ya kukosa!

Huko Bara Hindi hawauiti hivyo. Watu wa Kerala huuita cheera, Waandhra thotakura, Wagujarati tandaljo, na katika lugha ya Kihindi ni chaulai. Wabengali huuita ule mwekundu lal shak, nao huuweka mwanzo wa chakula, kabla ya samaki, uliwe na wali mtupu ukiwa moto. Mwenye mali na asiye nacho wote huula. Nchi hii ndiyo iliyosusia karafuu za Unguja na Pemba mwaka 1937, mpaka ugomvi ukaisha mwaka 1938. Kwa hiyo kujuana kwetu nao si kwa jana, na la kujifunza kwao tusilionee haya.

Mkulima wa karafuu atauliza kwanza: karafuu yatiwa wapi? Jawabu ni kwamba katika mapishi haya haitiwi. Karafuu yenda katika pilau, biriani na ule mchanganyiko wa viungo uitwao garam masala. Mboga ya majani hupikwa kwa viungo vichache vyepesi, na mpishi anayeitia karafuu huiharibu. Nasema hivi ingawa mimi ni katibu wa chama hiki.

Sasa tutazame mapishi, na nianze na lile lililo karibu nasi zaidi. Watu wa Kerala wana minazi kama sisi. Mchicha wao huuita cheera thoran. Sisi hukamua tui na kumwagia kuku chicha. Wao hutia nazi yenyewe iliyokunwa, haikukamuliwa. Twaa mafungu mawili ya mchicha, uoshe kwanza, ndipo uukate mwembamba sana. (Wengi wetu hukata kisha wakaosha, na sehemu ya uzuri wa mboga ikaenda na maji.) Ponda nazi iliyokunwa kikombe kimoja pamoja na pilipili mbichi mbili, tembe mbili za thomu, manjano nusu kijiko cha chai na bizari ya pilau kidogo. Isiwe laini, ipondeke tu. Tia sufuriani vijiko viwili vya mafuta ya nazi, yakipata moto tia haradali nzima kijiko kimoja cha chai, na ikisha kupasuka tia mchicha na chumvi. Usitie maji hata kidogo, maana mchicha una maji yake. Ukinywea, fanya shimo katikati, weka ile nazi, uifunike kwa mchicha kwa dakika mbili tatu, kisha uchanganye na kukausha. Wao hutia pia karipata, yale majani mabichi madogo yenye harufu yauzwayo katika maduka ya Wahindi. Ukiyakosa, chakula hakiharibiki.

Pishi la pili ndilo ninalolipenda zaidi kwa mwaka wa uhaba, kwa kuwa lina mboga na kitoweo pamoja. Waandhra huliita thotakura pappu. Dali watumiayo ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, mbaazi hizi hizi tunazozijua. Roweka kikombe kimoja kwa nusu saa, kisha uchemshe kwa vikombe vitatu vya maji na manjano kidogo mpaka ilainike. Hapo tia mchicha uliokatwa, mafungu mawili, na pilipili mbichi tatu. Baada ya dakika kumi tia maji ya ukwaju uliorowekwa, kiasi cha ndimu moja, na chumvi, kisha uponde yote kwa mwiko. Ukwaju usiutie mapema, kwani ukali wake huizuia dali kulainika. Mwisho huja lile jambo ambalo Wagujarati huliita vaghar: katika kikaango kidogo chemsha samli au mafuta, tia haradali, bizari ya pilau, thomu iliyopondwa na pilipili kavu moja, vikianza kunukia, mwagia vyote juu ya chungu na ufunike mara moja. Asiyefanya hivi atakula uji wa mbaazi, na asinilaumu.

Wagujarati wenyewe, ambao wengi wa Wahindi wa visiwani asili yao ni huko na Kutch, hupika tandaljo kwa njia fupi: mafuta, thomu nyingi, mchicha, chumvi, basi, wakala kwa mikate ya uwele. Watamil huuchemsha na kuuponda katika chungu cha udongo mpaka uwe kama rojo. Nao wana desturi ya kutokula mboga za majani usiku, wakisema ni nzito tumboni.

Msomaji mwerevu ataniuliza: ikiwa Wahindi wala mchicha hivi, damu yao ni nzuri? Swali hili ni la haki. Katika uchunguzi mkubwa wa afya wa serikali ya India wa miaka ya 2019 hadi 2021, wanawake 57 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walionekana kuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, nazo si za chakula peke yake. Lakini moja yatuhusu hapa. Mchicha una madini ya chuma, ila chuma cha majani mwili hukitwaa kwa shida. Kingi hupita na kutoka. Kuna vitu vikisaidiavyo, na kuna vikizuiavyo. Matunda makali yenye vitamini C, kama ndimu, embe mbichi na nyanya, husaidia. Na samaki, hata dagaa kidogo, husaidia pia. Chai huzuia. Basi mtu aliyekula mchicha wake akaushushia na kikombe cha chai ya rangi papo hapo amejipunja. Angoje walau saa moja.

Na mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu na mkunga asiviache kwa sababu eti anakula mchicha. Nalisema hili wazi kwa kuwa nimesikia watu wakishauriana hivyo barazani. Mchicha ni chakula kizuri. Dawa ya mtu aliyekwisha kupungukiwa na damu si mchicha.

Mambo mawili zaidi kwa ufupi. Vitamini A ya mchicha yataka mafuta ili mwili uipate, na ndiyo maana mchicha wa kuchemshwa kwa maji na chumvi tu si sawa na ule wa nazi. Tena majani haya yana asidi iitwayo oksaliki. Kwa mtu mzima wa afya haina neno, lakini mwenye maradhi ya mawe ya figo aulize daktari wake. Majani yaliyokomaa yachemshwe kidogo na maji yake yamwagwe; machanga yapikwe moja kwa moja.

Nimeombwa pia nieleze maana ya mchicha wa kilimo hai, yaani usiotiwa mbolea ya chumvichumvi wala dawa za sumu. Huko India jimbo la Sikkim lilitangazwa mwaka 2016 kuwa lote ni la kilimo cha namna hiyo. Pia kuna mpango uitwao PGS-India ambao wakulima wa kijiji hujiunga katika vikundi na kukaguana mashamba wao kwa wao, badala ya kumlipa mkaguzi wa mbali. Chama kama chetu kingeweza kulitazama jambo hilo.

Lakini tusidanganyane: mchicha uliojiotea kwenye mfereji wa maji machafu si wa kilimo hai kwa kuwa tu haukupigwa dawa. Samadi nayo iwe imeoza vizuri, itiwe udongoni kabla ya kupanda, wala isimwagwe mbichi juu ya majani yatakayoliwa. Usipande chini ya mikarafuu, kwani mchicha wapenda jua. Tafuta mahali pa wazi. Mwagia maji chini, si juu ya majani, ili kupunguza ukungu mweupe. Viwavi vikunjavyo majani viokotwe kwa mkono asubuhi, na vikizidi, maji ya mbegu za mwarobaini zilizopondwa yafaa. Kwa wiki tatu mpaka tano mboga iko tayari. Ukikata ncha badala ya kung'oa, itachipua tena.

Mche mmoja miwili iachwe ikomae mpaka ipate mbegu, kwa kupanda tena. Wahindi wana aina nyingine ya mchicha ambayo mbegu zake ndizo chakula, asili yake Amerika, nao huziita rajgira, maana yake nafaka ya kifalme. Wahindu wengi siku zao za kufunga hawali ngano wala mchele, lakini rajgira hula, kwa mikate au kwa vitumbua vya sukari guru. Kufunga kwao si kama kufunga kwetu. Mbegu hizo ni nyeupe. Za mchicha wetu wa mboga ni nyeusi na ngumu, hizo ziwekeni za kupanda tu, ndani ya chupa kavu yenye kifuniko.