Aliyeopolewa Ziwani Apewe Pumzi, Asikamuliwe Tumbo

SWALI: Msomaji wa visiwa vya Ukerewe, katika Ziwa Victoria, anauliza iwapo ni sahihi mtu aliyeopolewa baada ya mtumbwi kupinduka kuning'inizwa kichwa chini au kukamuliwa tumbo ili maji yamtoke, na ni madhara gani mengine yachunguzwe kwa manusura.

JIBU: Desturi hiyo hufanywa kwa nia njema, lakini haina faida na mara nyingi humdhuru anayesaidiwa. Kinachomuua anayezama si wingi wa maji tumboni bali ni ukosefu wa oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo damu huichukua mapafuni na kuupelekea ubongo na moyo, ambavyo vikiikosa kwa dakika chache tu huanza kuharibika. Maji yanayoingia mapafuni kwa kawaida si mengi, ilhali yale yanayomwagika tumbo linapokandamizwa hutoka pamoja na mabaki ya chakula, na mtu asiye na fahamu hupaliwa nayo hadi mapafuni, huku dakika ambazo zingemwokoa zikipotea.

Asiyeitika wala kupumua alazwe chali mahali pagumu, kichwa chake kielekezwe nyuma na kidevu kiinuliwe ili njia ya hewa ifunguke, kisha abanwe pua na apuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo. Miongozo ya Ulaya inaelekeza pumzi 5 za mwanzo, kila moja iinue kifua, ndipo kifua kikandamizwe katikati mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 na kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, zifuatiwe na pumzi 2, na mzunguko huo uendelee bila kukatishwa hadi apumue au wataalamu wafike. Pumzi hutangulia kwa sababu damu ya aliyezama imekwisha kuishiwa oksijeni, tofauti na ya mtu aliyeanguka ghafla kwa maradhi ya moyo. Povu likitoka mdomoni, lisiwe sababu ya kusimamisha kazi hiyo. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe kwa ubavu.

Maarifa haya yanahitajika mwaloni zaidi kuliko hospitalini, kwa kuwa waokoaji wa kwanza karibu kila mara ni wavuvi na wanavijiji wa jirani. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha.

Katika madhara mengine, lisilotiliwa maanani ipasavyo ni kubabuka kwa petroli. Mafuta yanayovuja kwenye boti ya injini huchanganyika na maji ya ngama, yaani maji yanayotuama chini ya chombo, yakaloweka nguo za abiria waliosongamana na kuunguza ngozi ya mapaja na makalio bila moto wowote. Nguo hizo zivuliwe mara moja, ngozi ioshwe kwa maji mengi safi, na manusura asisogezwe karibu na moto kabla ya hapo, hata akitetemeka. Rafadha, yaani mapanga ya injini yanayozunguka majini, hukata kwa kina na kuingiza uchafu, hivyo jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi hadi damu ikome, na majeruhi apelekwe kituo cha afya, ambako pia atapimwa haja ya chanjo ya pepopunda.

Baridi nayo huua hata katika ziwa la nchi za joto, kwani maji ya nyuzi joto 25 hivi hupoza taratibu mwili wenye nyuzi 37, na joto la mwili likishuka chini ya 35 hali hiyo huitwa haipothemia, ambayo humfanya mtu achanganyikiwe na kulegea. Akaushwe, afunikwe, wala asipewe pombe, kwa sababu hupanua mishipa ya ngozi na kuzidisha upotevu wa joto.

Manusura aliyepaliwa na maji na anayeendelea kukohoa au kuhema kwa shida asirudishwe nyumbani kulala, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo, ingawa anatembea na kuzungumza.