Somo: Mama Amerudi, Mtoto Hamjui

Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz, jirani zetu hapa Kipevu, lakini safari ya mama anayerudi kutoka Saudia au Qatar haiishii pale. Mkataba wa kazi ya nyumbani kule kwa kawaida ni miaka 2, na wengi huongeza mwingine. Mtoto aliyeachwa akitambaa hukutwa yuko darasani, na anayemwita "mama" ni nyanya yake.

Sasa afanye nini? Kwanza, asimnyakue. Haya tunayaona sana: wiki ya kwanza mama amekodi chumba, amemchukua mtoto na zawadi zake, na usiku mtoto analia anamtaka nyanya. Huo si utovu wa adabu. Afadhali mama akae kwa nyanya kwanza, amwogeshe, ampeleke shule, ajue anaogopa nini. Na wasemezane mapema juu ya pesa, manake nyanya alizoea kutumiwa kila mwezi, na sasa hazitumwi tena.

Baba je? Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema malezi ni jukumu la wazazi wote wawili sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Aliyezaliwa huko ng'ambo pia ni Mkenya kwa kuzaliwa, mzazi mmoja akiwa Mkenya (kifungu cha 14). Lakini karatasi zake zishughulikiwe ubalozini kabla ya kupanda ndege. Kuzitafuta ukiwa Changamwe ni taabu, na shule itauliza cheti cha kuzaliwa.