Noeli ya Padri Mwenye Pingu

Watu wengi hudhani ya kuwa Noeli ni sikukuu ya wenye raha: wenye nguo mpya, wenye chakula kingi, wenye watoto wazima wanaoimba nyumbani. Basi aliye mgonjwa, aliyefiwa, aliye kifungoni, hujiona kana kwamba ameachwa nje ya mlango wa sikukuu. Je, ndivyo ilivyo? Padri Alfred Delp alipaswa kulijibu swali hilo katika Desemba ya mwaka 1944, naye alilijibu akiwa na pingu mikononi.

Alfred Delp alizaliwa mjini Mannheim, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1907. Aliingia Shirika la Yesu mwaka 1926, akapewa upadri mwaka 1937. Siku zile Ujerumani ilitawaliwa na Hitler na chama chake cha Wanazi. Padri Delp alijiunga na kundi la watu, Wakatoliki na Waprotestanti, waliokutana kwa siri ili kufikiri namna ya kuijenga nchi yao katika haki, utawala ule utakapokwisha kuanguka. Tarehe 28 Julai 1944 alikamatwa mjini München, baada ya kusoma Misa, kisha akapelekwa Berlin na kutiwa katika gereza la Tegel.

Humo aliandika mafikara yake juu ya Majilio na Noeli, ingawa mikono ilikuwa imefungwa. Karatasi zake zilitolewa kwa siri pamoja na nguo za kufua. Kwa siri vilevile aliletewa mkate na divai, akatoa sadaka ya Misa chumbani mwake. Wakubwa wa polisi walimwahidi uhuru kama akikubali kuliacha shirika lake. Alikataa, na tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, aliweka nadhiri zake za mwisho mlemle gerezani.

Padri huyo alifundisha nini juu ya Noeli?

Kwanza, alifundisha ya kuwa Majilio ni wakati wa kutikiswa. Mtu aliyeshiba hangojei chakula, na mtu anayejiona ametimia hamngojei Mwokozi. Sharti kwanza atambue umaskini wake, ndipo mlango wa moyo utakapofunguka.

Pili, alionya ya kuwa Noeli isigeuzwe kuwa hadithi tamu tu. Tena Injili yenyewe haifichi kitu. Mtoto alizaliwa safarini, kwa sababu ya amri ya Kaisari aliyetaka watu wahesabiwe. Alilazwa mahali pa kulishia wanyama. Haukupita muda mrefu, Herode akamtafuta ili amwue. Ndiyo maana Kanisa, kesho yake ya Noeli, hukumbuka kifo cha Mtakatifu Stefano, na tarehe 28 Desemba huwakumbuka watoto waliouawa Betlehemu. Mavazi mekundu ya mashahidi yako karibu sana na hori la Yesu.

Tatu, alifundisha ya kuwa uhuru wa kweli wa mtu huanza pale anapokutana na Mungu. Mungu hakuyatazama mateso ya wanadamu kutoka mbali, wala hakuyaondoa yote kwa siku moja. Aliingia mwenyewe ndani yake, akajifanya mtu kati ya watu. Pingu za Padri Delp hazikukatika usiku wa Noeli. Lakini tangu Betlehemu hakuna gereza ambalo Mungu hawezi kukaa ndani yake pamoja na mfungwa.

Tarehe 11 Januari 1945 Padri Delp alihukumiwa kufa. Alinyongwa huko Plötzensee, mjini Berlin, tarehe 2 Februari, akiwa mwenye miaka 37. Majivu yake yalitawanywa, hana kaburi. Siku ile ndiyo sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, siku ya arobaini tangu Noeli, ambapo mzee Simeoni, akiisha kumpokea Mtoto mikononi, alikuwa tayari kwenda zake kwa amani.

Basi Mkristu asiye na nguo mpya wala nyama ya sikukuu asiseme kwamba Noeli imempita. Naye aliyejaliwa vyote hivyo asisahau kumtembelea mgonjwa, mfiwa na mfungwa, kwa maana Mtoto wa Betlehemu alikwisha kutangulia kufika kwao.

Maswali kwa mafundisho

1. Kwa nini mtu anayejiona ametimia hawezi kumngojea Mwokozi?
2. Sikukuu za tarehe 26 na 28 Desemba zatufundisha nini juu ya Noeli?
3. Padri Delp alikuwa huru kwa namna gani, hali amefungwa pingu?
4. Katika kijiji chetu, nani hujiona ameachwa nje ya sikukuu, na nani atakwenda kwake?