Neno Lililonishinda Dirishani

Nilimpeleka mama hospitali na barua ya rufaa. Muuguzi wa mapokezi akauliza, "Kaka, mnakwenda idara gani?" Nikaifungua barua: "Otori... otorino..." Nikakwama hapo. Foleni ikacheka, na mama naye akacheka, mkono ukiwa kwenye sikio lililokuwa likimuuma. Neno lenyewe ni otorinolaringolojia. Usiku ule sikulala kabla sijalimaliza.

1. Nililikata silabi kama mtoto wa darasa la kwanza: o-to-ri-no-la-ri-ngo-lo-ji-a. Kumi. Mkazo unaangukia "ji", silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu mengine. Waingereza wana tisa, na ile h wanayoiandika baada ya r hawaitamki. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nami nilitaka kuitamka, ndiyo iliyonikwaza.

2. "Ngo" hiyo ni ya ngoma, si ya ng'ombe.

3. Mizizi yote ni ya Kigiriki. "Oto" ni sikio. "Laringo" ni kikoromeo, kile kinachopanda na kushuka mtu akimeza. "Lojia" ni elimu. Nilipofika kwenye "rino", yaani pua, nilicheka peke yangu gizani, kwa sababu ndiyo rino wanayomwitia Wazungu kifaru: rino ni pua, keras ni pembe, basi kwao kifaru ni mnyama wa pembe puani. Kumbe siku nzima nilikuwa na kifaru wa Ngorongoro ndani ya bahasha ya mama!

4. Mzizi mmoja hufungua maneno mengi. Daktari aliandika kuwa mama ana otitisi. "Itisi" ni uvimbe unaotokana na mwili kupambana na maradhi au jeraha. Kwa hiyo rinitisi ni ya pua na laringitisi ya kikoromeo, sikuhitaji kuuliza. Wala tusiseme ujenzi huu ni wa wageni tu. Kipimajoto tumekiunda vivyo hivyo, ila Wagiriki hutanguliza joto, sisi tunatanguliza kupima.

5. Siku ya kurudi kliniki nilikuwa nimelikariri neno zima, nikakohoa kidogo nianze. Mama akanitangulia dirishani: "Masikio, pua na koo, mwanangu." Muuguzi akatuonyesha mlango.

Madaktari wetu mnaoandika barua za rufaa, chini ya lile neno refu tuandikieni na haya ya mama.