Kinga Uvungu wa Land Rover Yako Dhidi ya Kutu Kabla ya Masika

Tumeshaongea sana kuhusu mbegu, mbolea na soko. Leo somo ni la chombo kinachobeba vyote hivyo. Nazungumzia Land Rover za zamani, zile Series, ambazo wengi wenu mmerithi kwa wazee au mmenunua kwa bei ya kuelewana. Injini ikigoma, fundi ataifufua. Chesisi ikioza, hapo gari linakuaga.

Kwa nini chesisi na sio bodi?

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndio maana hata gari la mwaka 1975 unaweza kulikuta bodi safi kabisa. Lakini chesisi ni chuma, tena ni kama boksi lenye uwazi ndani. Maji na matope yakiingia yanakaa humo, na kutu inaanza kula kutokea ndani. Ukija kuiona kwa nje, imeshakula muda mrefu.

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, hewa na unyevu. Chumvi inaharakisha kazi. Na sisi wakulima tunabeba chumvi kila msimu bila kujua. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvichumvi na zinavuta unyevu wa hewani. Mbaya zaidi kwa chuma ni zile zenye kloridi, kama MOP. Samadi nayo inashika maji na kubaki imeganda kwenye pembe za chesisi. Walio Tanga, Lindi na Mtwara waongeze na hewa ya bahari.

Sehemu za kukagua kwanza

1. Boksi la nyuma kabisa linalokaa ndoano ya kuvutia tela.
2. Mikono ya pembeni ya chesisi inayobeba bodi.
3. Sehemu springi zinapofungwa.
4. Sakafu ya miguu ya dereva na abiria. Hii ni chuma, sio alumini.
5. Mabomba ya breki yanayopita kwenye chesisi na ekseli ya nyuma.

Namba 5 ndiyo ya uhai. Series nyingi za zamani zina mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likitobolewa na kutu, unakanyaga pedali inazama, na magurudumu yote yanakosa breki. Sasa fikiria uko mteremkoni na magunia ya viazi nyuma na vibarua juu yake. Bomba likiwa na vishimo vya kutu, usilipake rangi. Badilisha. Yapo ya aloi ya shaba na nikeli ambayo hayashiki kutu kama ya chuma.

Hatua za kazi

Usalama. Usiingie uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake. Tumia stendi imara kwenye ardhi ngumu, na weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini. Zingatia hili: breki ya mkono ya Series inakamata shafti, haikamati magurudumu moja kwa moja. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, gari linaweza kutembea hata kama umevuta breki ya mkono.

Osha. Toa matope yote, hasa juu ya boksi za chesisi. Zibua matundu ya kutolea maji kwa waya. Acha gari likauke juani siku mbili au zaidi. Kupaka dawa juu ya unyevu ni kuufungia ndani.

Gonga. Chukua nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe la matope. Palipotoboka, fundi akate hadi penye chuma kizima ndipo achomelee kipande kipya. Asikubandikie bati juu ya kutu wala asijaze puti. Kabla ya kuchomelea, mtoe waya za betri na tangi la mafuta, maana liko chini ya kiti.

Kwangua na upake. Tumia brashi ya waya na msasa, vaa miwani na barakoa. Kutu iliyong'ang'ania pakaa dawa ya kubadili kutu yenye asidi ya fosforiki, ukifuata maelekezo ya kopo. Ikikauka, paka rangi ya msingi yenye zinki mikono miwili, halafu rangi ya juu.

Malizia na nta. Nyunyizia nta ya kuzuia kutu kwa nje, na uipitishe ndani ya chesisi kwa mpira mwembamba kupitia yale matundu. Wengi wanaruka hatua hii, na kumbe ndani ndiko kutu inakoanzia. Usipake kwenye ngoma za breki, mipira ya breki, bushi, ekzosi wala shafti.

Vipi kuhusu lami na oili chafu?

Swali hili naulizwa kila kijiji. Lami inaonekana imara, lakini ikizeeka inapasuka. Maji yanapita kwenye ufa na kukaa nyuma yake, na wewe huoni kitu. Oili chafu inaharibu mipira na bushi, halafu inadondoka shambani na kuchafua udongo na maji unayoyategemea. Ziache zote mbili.

Ratiba ya mwaka

- Juni hadi Septemba, gari likiwa kavu: kazi kubwa ya kukwangua na kupaka.
- Februari, kabla ya masika: kagua, rudishia nta palipotoka.
- Kila ukibeba mbolea au samadi: osha uvungu siku hiyo hiyo. Tandika turubai nyuma ili mbolea isipenye kwenye maungio, maana pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa na kuacha unga mweupe.

Kwa wenye pikapu za kisasa, somo ni lile lile, na kwenu hata bodi ni chuma.

Mkulima anayejua kuhesabu anapiga gharama ya makopo machache ya rangi na siku mbili tatu za kazi, anailinganisha na chesisi mpya au mzigo uliolala njiani siku ya soko. Jumamosi hii chukua nyundo na tochi, anza na mabomba ya breki.