Death Stranding: ulimalize au uiuze CD?

Jibu fupi kwanza, kwa wenye haraka: fika sura ya tatu, cheza jioni chache ndani ya sura hiyo, kisha amua. Kama kufikia hapo kutembea kwenyewe hakujakupa raha, achana nalo bila kujilaumu, maana hadithi haitakuja kukuokoa huko mbele. Kama umeona raha, jifunge kibwebwe ulimalize, ila kwa ujanja kidogo ambao nitaueleza.

Jibu refu linaanzia vibandani. Wengi wetu tuliokulia Tanga, Mombasa au Unguja tulijifunza gemu kwa kulipia. Unampa mwenye banda hela yake, unapewa pedi, unacheza mechi moja ya mpira, ukifungwa unampisha mwenzako. Nyuma yako wamesimama watu, na wote makocha. Katika mazingira hayo hakuna anayelipia nusu saa ili atazame mtu akitafuta pa kuvukia mto. Gemu la hadithi ndefu lilikuwa la mwenye mashine nyumbani kwao, na wenye mashine nyumbani tuliwajua kwa majina mtaa mzima. Kwa hiyo mtu wa vibandani akishika Death Stranding kwa mara ya kwanza, mkono wake unadai bao ndani ya dakika tano, na gemu halimpi bao. Linampa viatu.

Mimi nalicheza hapa Alum Rock, Birmingham, kwenye chumba cha mbele cha nyumba moja ya zile zilizobanana ukuta kwa ukuta, baada ya shifti ya kupeleka vifurushi. Mpwa wangu, kijana wa sekondari aliyezaliwa hapahapa, aliketi pembeni siku moja, akatazama weee, kisha akauliza:

“Mjomba, huyu mtu anatembea tu?”

“Anapeleka mzigo.”

“Akishafika?”

“Anapewa mwingine.”

“Sasa Mjomba, si kazi yako hii?”

Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo kazi yangu, na bado nilikuwa nimekaa pale usiku naifanya tena bure.

Kwa asiyelijua: Death Stranding lilitoka Novemba 2019 kwenye PlayStation 4, na ndilo gemu la kwanza la Hideo Kojima tangu aachane na Konami mwaka 2015 na kusimamisha studio yake mwenyewe. Unacheza kama Sam Porter Bridges, sura yake ikiwa ya mwigizaji Norman Reedus. Marekani imesambaratika, watu wamejifungia katika miji michache na mahandaki, nje kuna viumbe wa ahera wasioonekana, na mvua ikikugusa inakuzeesha papo hapo. Kazi yako ni kubeba mizigo mgongoni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi, ukiunganisha kila kituo kwenye mtandao mmoja. Kifuani umening'iniza kichupa chenye mtoto mchanga anayekusaidia kuwahisi hao viumbe.

Likigawa watu, liligawa kwelikweli. Jarida la Famitsu la Japani lililipa alama 40 kwa 40. IGN ya Marekani ikalipa 6.8 kwa 10. Nimesoma sababu za pande zote mbili, na ukweli ni kwamba wanasema kitu kilekile: mmoja anasema linakufanya utembee mno, na mwingine naye anasema hivyohivyo ila akiwa anatabasamu.

Basi tuongee kutembea, kwa sababu hukumu yote iko hapo. Sam anaweza kubeba hadi kilo 120, na kila kilo inaonekana. Ukipanga maboksi juu sana yanayumba, naye anayumba pamoja nayo. Unabana vitufe viwili vya nyuma vya pedi ili akaze mikanda ya mzigo kwa mikono yote miwili, na ukiviachia kwenye mteremko unaporomoka na mizigo inatawanyika hadi mtoni. Ukipiga skana mbele ya mto, maji yanakuonyesha rangi: buluu pita, njano utachoka, nyekundu utachukuliwa. Viatu vinaisha soli. Kuna mahali mapema tu Sam anavua kiatu akakuta ukucha wa kidole umeng'oka, akauvuta tu kama mtu anayevuta uzi kwenye shati. Nilipoona hapo nikajua hawa jamaa wamewahi kumwona mtu anayefanya kazi kwa miguu.

Na sisi tunao ukoo wa kazi hiyo. Karne ya 19, kabla ya reli, bidhaa zilizotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji zilikwenda mabegani kwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi, kwa wiki na miezi. Ukisoma simulizi ambazo Carl Velten alizichapisha mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, utakuta mwendo uleule wa gemu hili: tumeondoka hapa, tumelala pale, maji hakuna, mbele kuna mtu anadai hongo. Kwenye gemu wanaosimama njiani si watemi wa Ugogo, ni wapagazi wa zamani walioingiwa na uraibu wa mizigo hadi wanapora ya wenzao. Lakini hesabu kichwani ni ileile: nipite kwao haraka au nizunguke mlima? Nibebe ngazi ya ziada au nipunguze uzito? Msomaji wa simulizi zile anayeruka kurasa za kambi ili afike kwenye vita, basi hata Death Stranding litamshinda, nami simlaumu.

Sasa ujanja. Sura ya kwanza na ya pili ni darasa, na ni darasa refu: jioni kadhaa za kutembea kwa miguu tu, na kila ukitua mzigo kuna kipande cha sinema ambamo mtu anakueleza jambo ambalo mwenzake amekueleza jana. Usitake kukamilisha chochote huku. Kwenye vituo oda zimegawanywa. Chukua zile za hadithi, zilizoandikiwa Sam, na hizo nyingine ziache kwanza. Watu wengi walioshindwa, ninavyowasikia, walishindwa hapa hapa kwa sababu walitaka kumridhisha kila mzee aliyejifungia kwenye handaki lake. Barua zinazoingia kwenye kifaa chako zisome ukipenda, usiposoma hupotezi njia.

Cheza ukiwa umeunganishwa na intaneti. Hili halina mjadala. Huwaoni wachezaji wengine hata siku moja, ila vitu wanavyojenga vinaingia kwenye dunia yako ukishaliunganisha eneo hilo: ngazi, kamba, madaraja, vibanda vya kujikinga na mvua. Unafika kwenye jabali, umechoka, mzigo umeanza kupata kutu kwa mvua, na pale ukutani unakuta kamba inaning'inia, imefungwa na mtu wa Brazil au Korea aliyepita kwa shida zake. Unaishika, unashuka, unampa laiki. Ukicheza nje ya mtandao unabaki na nusu ya gemu, tena ile nusu ngumu.

Halafu inakuja sura ya tatu. Umevuka ziwa, uwanda umefunguka, pikipiki ya magurudumu matatu unayo, na unakutana na mitambo ya barabara. Kila mtambo unadai kauri na vyuma kwa wingi. Ukiushibisha, kipande cha lami kinajitandaza mbele yako juu ya mawe yale yaliyokuwa yakikuvunja miguu. Wachezaji wengine nao wanachangia, kwa hiyo mtambo uliouacha jana ukiwa na njaa unaweza kuukuta umeshiba. Hapa ndipo nilipokwama kwa hiari. Niliiacha hadithi nikawa mkandarasi. Malighafi nyingine nilizipata kwa kuvamia kambi za wale waporaji, na sioni haya kusema. Ukiona hapa nawe umeanza kukosa usingizi kwa ajili ya kipande kimoja cha barabara, umeshapata jibu lako, na sura zilizobaki utazimaliza. Ukiona hata lami haikugusi, basi. Hakuna kitu kingine kikubwa kinachokungoja ambacho kitakubadilisha. Milimani kuna theluji na kamba za kuning'inia za kuruka hadi mita 350, nazo ni tamu, lakini ni utamu uleule kwa kipimo kikubwa zaidi.

Nije kwenye swali la mpwa wangu, maana limenikaa. Mbona mtu apeleke mzigo mchana halafu apeleke mzigo usiku? Kazini, simu inanihesabia. Nimechelewa kituo hiki, nimesimama sana kile. Barabara ya Alum Rock jioni si mahali pa mtu mwenye haraka: maduka ya nguo za harusi na dhahabu yamefurika, mithai zinafungwa kwenye maboksi, magari yameegeshwa mistari miwili, basi namba 14 limekwama nyuma ya mtu anayeshusha mazulia. Mgomo wa wazoa taka hapa Birmingham ulipopamba moto Machi 2025, mifuko myeusi ilijaa kando ya njia hadi nikawa napita na boksi kifuani nikichagua pa kukanyaga. Kuna mama mmoja, mtu wa Kashmiri, ambaye hupokea vifurushi vya karibu nusu ya mtaa wake watu wakiwa kazini. Ananiita “beta”, yaani mwanangu, navipanga kwenye ukumbi wake, tunaachana. Hakuna programu inayompa huyo mama laiki. Kwenye gemu kazi ni ileile, ila mlima unakungoja, mzigo ukifika unashukuriwa kwa fujo, na hakuna anayekuuliza kwa nini ulisimama kutazama bonde. Hicho ndicho nilichokuwa nalipwa pale usiku.

Maana yake kwa msomaji ni hii: usilipime kwa urefu, lipime kwa kile mikono yako inachofanya dakika kwa dakika. Red Dead Redemption 2 la mwaka 2018 nalo linaanza kwa kukukokota kwenye theluji, lakini ukishuka mlimani linakuwa gemu jingine. Hili halibadiliki hivyo. Linakuongezea vyombo tu.

Mambo madogo ya nyumbani. Yule mtoto wa kwenye kichupa hulia kupitia spika ya pedi, na kuta za nyumba zetu hizi ni nyembamba. Saa saba usiku nikasikia kutoka juu, “Baba Salma, mtoto wa nani huyo?” Punguza sauti ya pedi kwenye mipangilio kabla hujaanza. Na kiwango cha ugumu kinabadilishwa wakati wowote. Mapambano na wale viumbe wa ahera wanapogeuka majitu ya lami si sababu ya mtu kuliacha gemu, weka rahisi upite zako. Aliyenunua toleo la mwanzo atashangaa kuona Sam chumbani kwake anakunywa Monster Energy kama yuko kituo cha mafuta. Katika toleo la PS5 la Septemba 2021 kopo hilo wameliondoa.

Ukishaamua kumaliza, kuanzia sura ya nane acha oda za pembeni kabisa. Ukifika upande wa magharibi utadhani umemaliza, kumbe unarudishwa mashariki, ramani yote tena. Wale waliojenga barabara wataishukuru lami yao siku hiyo. Baada ya hapo sinema zinafululiza: zinaisha, zinaanza upya, majina ya watengenezaji yanapita na bado haijaisha. Usiianze safari hiyo usiku wa kuamkia kazi. Mimi niliiweka Ijumaa, nikapika chai ya tangawizi ya chupa nzima, na nikaihitaji. Nusu ya maelezo yale yangekatwa yasingekosekana. Kojima hajui kunyamaza. Ila kisa cha Cliff, anayechezwa na Mads Mikkelsen, kinafungwa vizuri kuliko nilivyotegemea, na si ajabu kwamba uigizaji ule ulishinda tuzo kwenye The Game Awards mwaka 2019. Ukikimbilia hadithi peke yake, yote ni saa 40 hivi. Mimi, kwa ajili ya barabara, nilipita hapo mbali.

Nunua CD ya mitumba, si ya kupakua, ili likikushinda uuze. Na kama ulikomea njiani ila una hamu na la pili, lililotoka Juni 2025, lenyewe linakupa gari na silaha mapema na kuna muhtasari wa yaliyopita. Unaweza kuanzia hapo. Ila wahusika wa la kwanza, Fragile na yule mtoto wa kwenye kichupa, watakuwa wageni kwako, na la pili lote limesimama juu yao.