Kibao cha Unyevu na Mvua za Vuli

Pepo za kusi zinapoanza kulegea, na joto la adhuhuri kurejea katika mashamba ya Zinga, Kerege na Mapinga, mkulima wa Pwani huingia katika muhula wa mashaka aujuao tangu utotoni: mawingu hujikusanya upande wa bahari, mvua moja ikashuka usiku kwa kishindo, asubuhi kila nyumba ikatoa jembe na mbegu, kisha jua likawaka wiki mbili mfululizo hata mahindi yaliyokwisha chipua yakanyauka na mbegu ikawa imepotea bure. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa vuli kabla ya msimu kuanza, nao ni wa kusikilizwa kwa makini. Lakini utabiri huo hutolewa kwa eneo pana, ilhali swali la mkulima ni la tuta lake mwenyewe, yaani kama maji ya mvua ile yamefika itakakopita mizizi, au yamelowesha vumbi la juu tu.

Swali hilo laweza kujibiwa leo kwa kibao cha elektroniki chenye upana wa vidole viwili na urefu usiozidi kidole cha shahada, ambacho ndani yake mna kompyuta kamili, ndogo mno, pamoja na mtambo wa kurusha mawimbi ya waifai. Kilichoenea zaidi ni kile kiitwacho ESP32, kilichotolewa na kampuni ya Espressif ya Shanghai mwaka 2016. Na binamu yake, Raspberry Pi Pico W wa Uingereza, alipotoka Juni 2022 aliuzwa dola 6 za Marekani. Si vitu vya anasa. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, mradi wa AirQo umekuwa tangu 2015 ukiunda vipimo vya bei nafuu vya kupima hewa ya Kampala, na huko Nyeri, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kimepima kina cha mito kwa vyombo vya namna hiyohiyo. Basi sioni sababu ya bustani ya bamia ya Bagamoyo kukosa chake.

Lililonifanya nikipende kibao hiki, hata hivyo, si udogo wake wala bei yake, bali ni lugha kinayoifahamu. Zamani mtu aliyetaka kukiamuru chombo kama hiki alilazimika kuandika maagizo kwa lugha ngumu ya mafundi, akayageuza kwa programu nyingine, akayapakia, na alipokosea nukta moja akaanza upya. Mwaka 2013 Damien George, mwanafizikia wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, aliazimia kuiingiza lugha ya Python, ile aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991 na ambayo sasa vijana wengi wa vyuo vyetu huanza nayo, ndani ya vibao vidogo, akaiita MicroPython. Matokeo yake ni kwamba waandika mstari mmoja, na kibao kinakujibu papo hapo, kama watu wawili wanaozungumza barazani. Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne alikaa nami chini ya mwembe, laptopu mapajani, akaandika neno *unyevu*, akalipa thamani ya kihisi cha unyevu kilichounganishwa na kibao kwa waya na kuchomekwa kwenye tuta, na namba ikatokea. Nikamwaga kikombe cha maji, akauliza tena, namba ikashuka. Amri zenyewe ni za Kiingereza, lakini majina ya vitu twayatunga wenyewe, na programu yetu imejaa *kisima*, *tuta* na *kiu*.

Sasa nije kwenye hadhari, maana hapa ndipo wengi hupotea. Namba ile, peke yake, haina maana yoyote. Kibao cha ESP32 husoma kuanzia 0 hadi 4095, na kihisi kizuri hutoa namba kubwa udongo ukiwa mkavu na ndogo ukiwa umelowa; lakini ukavu wa kichanga cha Mlingotini si ukavu wa udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Ruvu, kwa hiyo namba aliyokupa jirani usiichukue. Chimba udongo wa shamba lako mwenyewe, kina cha shibiri moja, uuanike juani siku tatu, uujaze katika kopo lililotobolewa chini, uchomeke kihisi, uandike namba. Kisha umwagilie hata maji yatoke chini, uache usiku kucha yachuruzike, na alfajiri uandike namba ya pili. Tuseme ya kwanza ni 2,800 na ya pili ni 1,400: kwa nyanya na biringanya nitamwagilia namba ipandapo kufika nusu ya njia, yaani 2,100, na kwa mchicha, ambao mizizi yake ni mifupi, nitatangulia kabla ya hapo. Kichanga hakihifadhi maji, hivyo hupendelea kidogo kidogo na mara kwa mara, si ndoo nyingi kwa siku moja.

Na maji yale ya kopo lazima yatoke katika kisima kilekile unachomwagilia. Nasisitiza hili kwa sababu visima vyetu vilivyo karibu na bahari huwa na magadi na chumvi, hasa mwisho wa kiangazi, na chumvi hukidanganya kihisi: udongo wenye chumvi hukionekania umelowa kuliko ulivyo kweli, mkulima akaacha kumwagilia huku mmea unaungua. Kwa sababu hiyohiyo jiepushe na kile kihisi cha miguu miwili ya chuma kilicho wazi, ambacho changu kililiwa na kutu kikawa cheusi kabla ya mwezi kwisha. Chukua kile bapa ambacho metali yake imefunikwa, na sehemu yake ya juu yenye nyaya uipake silikoni nene. Waya wake wa kupimia utie katika mojawapo ya pini za ESP32 kuanzia 32 hadi 39, maana nyingi katika zile nyingine hazipimi waifai inapofanya kazi.

Wengine huniuliza, na intaneti shambani itatoka wapi? Haihitajiki. Kibao chaweza kuwasha waifai yake chenyewe. Ukikikaribia na simu yako ukaunganisha, ukaandika 192.168.4.1 mahali pa anwani, waziona namba zote za usiku bila kutumia hata senti ya bando, mradi programu iwe imeandikwa kuzihifadhi. Mawimbi hayo hufika mita makumi machache, na majani mabichi huyadhoofisha, kwa hiyo usikifiche kibao katikati ya migomba. Kiamuru kilale, kiamke kila nusu saa kupima na kuwasha waifai yake kwa kitambo, kisha kilale tena. Betri moja na paneli ndogo ya sola zitatosha. Kisanduku kiwe cha plastiki, tundu la waya likitazama chini, kwani hewa ya bahari haina huruma na shaba.

Kazi hiyo ifanyike kabla ya Oktoba, ardhi ingali kavu. Fukia vihisi viwili katika shamba la mahindi au kunde: kimoja kina cha vidole vinne, cha pili kina cha shibiri, ukikichomeka ubavuni mwa shimo na si kwa kukisimamisha, kisha ushindilie udongo kama ulivyokuwa. Wa mananasi kule Kiwangwa hawana haraka hii, zao lao ni stahimilivu. Mvua ya kwanza ikinyesha, namba ya kihisi cha juu itashuka mara moja; usitoe mbegu. Kiendee kile cha chini, kitazame asubuhi, kitazame jioni, na namba yake ikishuka ikabaki chini siku tatu, hapo panda.